Chembe nyeupe 17,400 kwa jipu moja

"Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Majuma mawili yaliyopita lilinitoka jipu pajani. Siku ya nne nilishikwa na homa ya kutetemeka, na mtoki ukanivimba kwenye kinena hadi nikawa nachechemea. Kipimo cha damu kilionyesha chembe nyeupe 17,400, nyutrofili asilimia 84. Wingi wa damu na chembe za kugandisha damu vilikuwa ndani ya kiwango. Jipu lilipasuliwa, nikapewa antibayotiki za siku saba, na sasa nimepona. Lakini nimesoma kwamba chembe nyeupe zikiwa nyingi ni dalili ya saratani ya damu. Halafu najiuliza: kama nilikuwa na askari wengi kiasi hicho, mbona walishindwa na jipu moja? Ndugu zangu wanasema usaha ni uchafu wa damu, kwamba nilipaswa kulikamua mapema, na sasa ninywe dawa ya kusafisha damu na ya kuongeza kinga. Hili ni jipu la tatu ndani ya miezi kumi. Nifanye nini?"

Marahaba. Maswali yako ni mengi, ila hofu iliyo chini yake naiona moja: unadhani damu yako imekugeuka. Ama ina saratani, ama ni dhaifu, ama ni chafu. Nianze na hilo la saratani, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa mtu mwenye jipu lililoiva, homa na mtoki, namba ulizoniandikia ndizo hasa ambazo ningetarajia kuzikuta. Ningeshtuka zaidi kama zingekuwa ndogo.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu, na zaidi ya nusu yake kwa kawaida ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe inayomeza bakteria. Kwako nyutrofili peke yake zilikaribia 14,600. Zilitoka wapi ndani ya siku chache? Hapa wengi hudhani mwili umeanza kuzaliana chembe ovyo, na ndipo neno saratani linapopata mlango wa kuingilia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nyutrofili zako haipo katika mkondo wa damu hata siku ya kawaida. Nyingine zimejishikiza kwenye kuta za mishipa kama abiria waliokaa pembeni wakisubiri gari, na nyingine nyingi zaidi zimehifadhiwa ndani ya uboho wa mifupa, zimeshakomaa, zinangoja wito. Wito ukija, zinaachiliwa ndani ya saa chache. Mtu aliyekimbia sana, aliyepata mshtuko, mjamzito au anayetumia dawa za steroidi anaweza kuonyesha chembe nyeupe nyingi bila kuwa na maambukizi yoyote. Wito ukiendelea, uboho huongeza na uzalishaji. Tayari hutoa takriban nyutrofili bilioni 100 kila siku, tena kwa mtu asiyeumwa.

Saratani ya damu huenda kwa njia nyingine. Zile za ghafla hutokana na chembe changa zisizokomaa, zinazojaa ndani ya uboho na kuzisukuma nje chembe nyingine. Kwa hiyo mgonjwa huishiwa damu, huvilia damu chini ya ngozi kwa kuguswa tu, na fizi humtoka damu. Zile za polepole huonekana katika namba zinazobaki juu mwezi baada ya mwezi bila sababu. Wewe wingi wa damu na chembe za kugandisha zilikuwa sawa, na sababu ilikuwepo pajani mwako, imevimba. Kitakachokata shauri ni kipimo cha pili majuma matatu au manne baada ya kupona. Namba ikishuka, suala limekwisha.

Sasa hilo la askari walioshindwa. Ngoja nikurudishe mwanzo wa jipu, kwa sababu sidhani kama walishindwa.

Majipu mengi huanzia kwenye kishimo cha unywele, na mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, kwa kifupi stafilokoka. Anaishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wengi, karibu mmoja kati ya watatu, bila kuwasumbua. Wembe, msuguano wa nguo au mkwaruzo mdogo humfungulia njia. Akishaingia, hatari yake ni mwendo wa kuzaliana. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 katika mazingira mazuri, akianza mmoja, baada ya saa saba wamepita milioni mbili. Kwa hiyo mwili hauna nafasi ya kungoja kutambua jina la mgeni. Unahitaji mtu aliyepo mlangoni tayari.

Walioko mlangoni ni makrofaji, chembe kubwa zinazokaa ndani ya tishu maisha yao yote zikila takataka. Juu yao kuna vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo bakteria anavyo na wewe huna, kwa mfano vipande vya ukuta wake. Makrofaji haijui kama huyu ni stafilokoka au mwingine. Inajua tu kwamba kitu cha aina hii hakina ruhusa ya kuwa hapa. Kazi ya kuvitambua vipokezi hivyo ndiyo iliyowapatia Bruce Beutler na Jules Hoffmann Tuzo ya Nobel mwaka 2011, lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1882, huko Messina, Élie Metchnikoff alichoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza kwa mwiba, na kesho yake akakuta chembe zimejikusanya kuuzunguka. Mnyama yule hana hata damu kama yetu. Kile kishimo cha unywele pajani mwako ni mwiba ule ule.

Makrofaji ikishagusa mgeni, humwaga kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya jirani inapanuka: ngozi inakuwa nyekundu na moto. Kuta zake zinalegea na majimaji yanavuja: unavimba. Mishipa ya fahamu inachokozwa na kubanwa: unaumia. Ndani ya mshipa, nyutrofili zilizokuwa zikipita kasi zinaanza kunasanasa ukutani, zinabiringika taratibu, zinashika kabisa, kisha zinajipenyeza katikati ya chembe za ukuta na kutokea upande wa pili. Huko zinafuata harufu, nikiruhusiwa kusema hivyo, hadi kwa bakteria wenyewe. Zinaanza kuwasili ndani ya saa chache. Kwa hiyo ulipoona uvimbe mwekundu kwa mara ya kwanza, kazi ilikuwa imeshaanza zamani.

Nyutrofili huua kwa kumeza. Bakteria wengi wana utelezi, hivyo damu huwapaka kwanza protini zinazowafanya washikike: kingamwili, na kundi jingine liitwalo komplimenti. Akishamezwa anafungiwa ndani ya kifuko, na vifuko vingine vyenye vimeng'enya vinakuja kuungana nacho. Wakati huohuo nyutrofili inavuta oksijeni kwa wingi na kuigeuza sumu. Moja ya sumu hizo ni asidi ya haipoklorasi, jamaa wa karibu wa dawa ile ya maji inayotumika kung'arisha nguo nyeupe. Ndiyo, chembe zako zinatengeneza kitu cha jamii hiyo. Kimeng'enya kinachoitengeneza, mayeloperoksidesi, kina rangi ya kijani, na ndicho kinachochangia ukijani wa usaha uliouona siku jipu lilipopasuliwa. Nyutrofili nyingine hufanya jambo ambalo halikuelezwa hadi mwaka 2004: hupasuka na kutupa nje nyuzi za DNA yake yenyewe, zikawa wavu wa kunasia bakteria.

Nyutrofili moja humeza bakteria kati ya 3 na 20 hivi kisha inakufa. Hairudi tena kwenye damu. Zidisha kifo hicho kwa mamilioni mengi, changanya na bakteria waliouawa, tishu iliyoyeyushwa na majimaji, na hicho ndicho kitu ambacho ndugu zako wanakiita uchafu wa damu. Ni mabaki ya kazi. Hakikuwa kinazunguka mwilini kikitafuta pa kutokea. Kilitengenezwa papo hapo, pajani. Kwa hiyo hakuna cha kusafishwa katika damu, na kinywaji chochote kinachouzwa kwa jina hilo hakina pa kufanyia kazi. Kinachochuja damu kila dakika ni figo na ini, na baadhi ya vinywaji hivyo huviumiza viungo hivyo hivyo.

Nina neno moja kuhusu huo mfano wa askari. Mimi mwenyewe nimeutumia miaka mingi, lakini unapotosha mahali pamoja: unatufanya tudhani wakiwa wengi zaidi ni heri zaidi. Nyutrofili zinafanana zaidi na wazima moto wanaovunja milango na kulowesha kila kitu. Nyumba inapona, ila samani zinaharibika. Sehemu ya shimo lililobaki pajani haikuchimbwa na bakteria. Ni vimeng'enya vyako mwenyewe vilivyoyeyusha nyama ya jirani. Ndiyo maana mwili huwa na haraka ya kuzima mwitikio huu kama ulivyokuwa na haraka ya kuuwasha.

Basi kwa nini jipu halikuisha lenyewe? Kwa sababu stafilokoka si mgeni mjinga. Rangi ya dhahabu iliyompa jina humkinga dhidi ya zile sumu za oksijeni. Ana kimeng'enya cha kugandisha utomvu wa damu, anajizungushia utando na kujificha ndani yake. Ana protini inayozishika kingamwili kinyumenyume ili zisimpake vizuri. Baadhi ya aina zake hutoa sumu inayotoboa nyutrofili zenyewe. Kwa hiyo mara nyingi mapambano hufika mahali pa kutoshana nguvu, na mwili unafanya uamuzi wa busara: unajenga ukuta kuzunguka eneo lote. Ukuta huo ndio jipu. Ulizuia bakteria wasiingie kwenye damu, na hilo kwangu ni ushindi.

Ila ukuta una gharama yake. Katikati ya usaha hakuna mishipa ya damu, na antibayotiki husafiri kwa damu. Zinafika kidogo, zinakuta mazingira yenye asidi na bakteria wasiogawanyika kwa kasi, na dawa nyingi huua vizuri wale wanaogawanyika. Ndiyo sababu tiba ya kwanza ya jipu lililoiva ni kupasuliwa na kutolewa usaha. Majipu madogo mara nyingine hupona kwa hilo tu. Kwa homa na mtoki uliokuwa nao, kuongezewa dawa kulikuwa sahihi.

Na kukamua? Hapana, na nawaomba ndugu zako wanisikie vizuri. Unapokamua, sehemu ya usaha hutoka nje na sehemu husukumwa kwa nguvu kupita ukuta, ndani ya tishu nzima. Unabomoa boma ambalo chembe zako zimelijenga kwa siku nne. Jipu la pua, mdomo wa juu na eneo la kati yake ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mishipa ya hapo huwasiliana na mishipa iliyo ndani ya fuvu. Kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika kumi hivi, mara tatu au nne kwa siku, kinatosha kulisaidia jipu dogo kuiva. Likiiva lisipojifungua, lipasuliwe na mtu mwenye vifaa safi.

Homa nayo usiihesabu kama ushahidi wa kushindwa. Kemikali za makrofaji zilifika kwenye ubongo, na sehemu inayopanga joto la mwili ikapandisha kiwango inachokilenga. Mwili ukajiona una baridi, ukatetemeka ili ufike huko juu. Ukimeza parasetamo kwa kipimo sahihi ili upate usingizi, hujaharibu kazi ya chembe zako. Ukiweza kuvumilia bila dawa, pia sawa.

Mtoki ni habari nyingine kabisa, na mimi naupenda kuliko yote. Kuna chembe ziitwazo seli za dendriti. Hizi hubeba vipande vya bakteria kutoka kwenye jipu na kuvipeleka kwenye tezi za karibu, kwako zile za kinena. Ndani ya tezi kuna limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, za kila namna, kila moja ikiwa na kipokezi chake, na seli ya dendriti huzionyesha kile ilichobeba mpaka apatikane anayekitambua. Akipatikana anaanza kugawanyika, na tezi inavimba. Kingamwili mpya zinazotokana na shughuli hiyo huchukua takriban juma moja kuonekana vya kutosha. Siku ya nne, ulipokuwa unachechemea, darasa lilikuwa bado linaendelea.

Unaweza kuuliza: kama darasa lilifanyika, mbona hili ni jipu la tatu? Kwa magonjwa kama surua, mwili ukishajifunza husahau mara chache sana. Kwa stafilokoka kumbukumbu hiyo haikingi vizuri, kwa sababu ya hila zile nilizozitaja. Chanjo dhidi yake imejaribiwa zaidi ya mara moja na mpaka sasa hakuna iliyoingia kwenye matumizi. Kwa hiyo kurudia kwa majipu peke yake si ushahidi kwamba kinga yako imekufa.

Hata hivyo, majipu matatu katika miezi kumi yananishughulisha kuliko ile 17,400. Jambo la kwanza ningelotaka kulijua ni sukari yako. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, nyutrofili huwa nzito: zinachelewa kufika, zinameza vibaya, zinaua kwa uvivu. Kuna watu waliogundua kisukari chao kwa sababu ya majipu tu. Pima sukari ya asubuhi kabla hujala, au kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Pima na VVU kama hujapima karibuni. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa steroidi, zikiwemo zile zinazochanganywa kwenye krimu za kubadili rangi ya ngozi ambazo watu huona haya kuzitaja. Vipimo hivyo vikiwa safi, kinachobaki kuwa na uwezekano mkubwa ni kwamba unambeba bakteria puani au kwenye mikunjo ya ngozi, au mtu wa nyumbani anambeba na mnarudishiana. Hilo lina tiba: mafuta ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua pamoja na sabuni ya kuua vijidudu kwa siku chache, chini ya maelekezo ya daktari. Taulo na wembe visichangiwe. Kasoro za kuzaliwa nazo, zile ambazo nyutrofili hushindwa kutengeneza sumu ya oksijeni, zipo, lakini kwa kawaida hujitokeza utotoni na kwa maambukizi mazito kuliko majipu matatu.

Kuhusu dawa za kuongeza kinga, sikushauri utoe pesa yako. Kinga haina ujazo mmoja kama pipa ambalo linaweza kuongezwa. Ikizidi mahali pasipostahili huushambulia mwili wenyewe. Mwenye upungufu wa lishe akiongezewa kinachopungua, kinga yake huimarika kweli. Mwenye vya kutosha akimeza zaidi, hakuna jipu linalozuilika. Usingizi, kuacha sigara na kudhibiti sukari vina ushahidi mzito zaidi, ingawa havifungwi kwenye chupa.

Kuna jambo moja uliloliuliza kwa kuzungukazunguka: ni dawa iliyokuponya au ni mwili? Vyote viwili, na mwili zaidi ya wengi wanavyodhani. Antibayotiki hupunguza idadi ya bakteria au huwazuia kuzaliana, kisha nyutrofili humalizia. Tunalijua hilo kutokana na wagonjwa wanaotibiwa saratani. Nyutrofili zao zikishuka chini ya 500, homa kidogo tu ni dharura ya kulazwa, hata kama tuna dawa kali mkononi. Nao usaha huwa haba sana, maana hakuna cha kuutengeneza. Kuhusu kumaliza dozi: utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba kwa maambukizi kadhaa muda mfupi unatosha, na madaktari wanaendelea kupunguza siku. Lakini uamuzi huo ufanywe na aliyekuandikia, siyo na wewe siku ya tatu ukijisikia nafuu. Na usiweke akiba ya vidonge kwa jipu lijalo.

Sasa nikwambie ni lini usisubiri jibu la mtu yeyote wa mbali, mimi nikiwemo. Wekundu ukipanuka kwa kasi kuzunguka jipu, au mstari mwekundu ukipanda kuelekea kwenye tezi, nenda siku hiyo hiyo. Jipu usoni, karibu na jicho au kwenye uti wa mgongo, nenda. Maumivu makali kupita kiasi kuliko kinachoonekana kwenye ngozi ni dalili mbaya ambayo watu huidharau. Halafu kuna sepsisi, pale mwitikio niliokusimulia unapovuka ukuta na kuwashwa mwili mzima: mishipa inalegea kila mahali, presha inashuka, viungo vinakosa damu. Mgonjwa anahema haraka, moyo unaenda mbio, anachanganyikiwa au analala asiamshike, mkojo unapungua, ngozi inakuwa baridi au yenye mabaka. Anaweza kuwa na homa kali au mwili ukawa baridi isivyo kawaida. Hapo kila saa ina thamani, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, siyo asubuhi.

Kwa sasa, rudia kipimo cha damu baada ya majuma matatu au manne, pamoja na sukari. Chukua karatasi ya kwanza uende nayo, daktari azilinganishe. Kama namba bado iko juu na huna maambukizi yoyote, omba damu yako itandazwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini na mtu aliyezoea, asitegemee mashine peke yake. Ukiona kwenye majibu maneno "nyutrofili changa", usirudi kwenye hofu ya mwanzo: uboho ukiitwa kwa haraka huachilia na zile zilizobakiza siku moja au mbili kukomaa.